Mkanda Mpya wa Shangazi

Wewe ulikuwepo. Usijifanye unatafuta ukurasa wa michezo. Wiki iliyopita ulisoma hapa hapa kwamba ule wimbo uliouchezea mpaka kiatu kikakuvuka umeibwa. Ukatikisa kichwa, ukasema maskini binti wa watu, halafu gazeti ukalikunja ukafutia kioo.

Haya, kioo kimeng'aa. Jitazame, kisha tuendelee.

Tulimwacha Viraka katika chumba cha ushonaji cha shangazi yake, saa tatu asubuhi, kinasa sauti mkononi. Mlangoni wamesimama watu wanne. Wa mbele ni Mwenyekiti wa Chama cha Wanamuziki, mzee aliyepuliza tarumbeta miaka thelathini, amevaa suruali ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Kulia kwake Katibu, kushoto Mjumbe. Nyuma yao, bila haraka, dijei wa redio anayeitwa Miwani, kwa sababu hajawahi kuivua ile miwani yake myeusi hata anapotafuta funguo ndani ya begi.

Shangazi ameketi kwenye cherehani. Amekanyaga pedali.

Na cherehani haikugonga.

Ilinguruma taratibu, laini, kama paka aliyeshiba.

Kwa uliyechelewa, nakupa hadithi kwa pumzi moja. Viraka ni prodyuza. Jina alipewa na watu, maana nyimbo zake ni za kuungaunga: tarumbeta za gwaride, kwaya ya kina mama, gitaa la enzi za babu, na chini yake ngoma za kompyuta zinazobisha hodi kifuani. Alianza na simu yenye kioo kilichopasuka, akirekodi bawaba za milango na matone ya bomba bovu. Wenye klabu wakamwambia achague kitu kimoja, kwaya au disko. Akawaambia mama yake hakumfundisha kuchagua baina ya ndugu. Miaka sita akapiga kwenye mabonanza ya shule, kwenye mapaa ya maghorofa, kwenye uzinduzi wa duka la magodoro. Kisha akatengeneza "Mchechemeo."

Kompyuta ikaharibika. Akaipeleka studio kwa Miwani itengenezwe. Ikarudi tupu, nyeupe kama sahani iliyooshwa. Wiki tatu baadaye "Mchechemeo" ukalia redioni, na jina la mtunzi likasomwa: Miwani. Viraka hajafungua mdomo, Miwani amekwisha kumshtaki yeye kwa Chama kwamba anatembea mitaani akidai wimbo wa wenyewe.

Leo Chama kinaamua. Atakayeshindwa ataandika barua ya kuomba radhi, isomwe redioni, na kwa miaka mitano hatagusa chombo katika ukumbi wowote. Miwani akishindwa ana redio ya kurudia. Viraka akishindwa hana kitu kingine duniani anachojua kufanya.

Na ushahidi wake ulikuwa mmoja. Mdundo wa "Mchechemeo" ni cherehani ya shangazi. Ule mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu umeungwa kwa kibanio cha chuma, na kila kibanio kinapopita juu ya gurudumu dogo, hugonga: ko. Njooni msikie, aliwaambia. Wakaja.

Viraka aliinama chini ya meza. Akakuta mkanda mpya wa mpira, mweusi, unang'aa. Hauna kibanio. Hauna hata kovu.

"Shangazi, mkanda wetu uko wapi?"

Shangazi akatabasamu tabasamu la mtu aliyetenda wema. "Mwanangu, watu wazima wanakuja nyumbani kwangu na vinasa sauti vyao, mimi niwapokee na cherehani inayokohoa? Jana nilimwita fundi. Kaipangusa, kaitia mafuta, kaivisha mkanda mpya. Sikiliza ilivyotulia."

Miwani hakucheka. Alimwambia Mwenyekiti kwa upole kwamba yeye hana la kuongeza, na kwamba chumba ni kisafi sana, hongera kwa mama.

Viraka akaomba nusu saa. Akapewa. Akatoka mbio.

Fundi wa cherehani anakaa milango mitatu mbele. Alikutwa amelala chali chini ya meza ya mteja, miguu nje, akipiga mluzi. Mluzi wa "Mchechemeo," kama unataka kujua. Viraka akamuuliza mkanda wa jana uko wapi. Fundi akajibu akiwa huko huko chini kwamba ule ulikuwa umechoka, angeona aibu kumrudishia mtu mzima kitu kama kile, kwa hiyo ameukata. Kipande kimoja kimekuwa bawaba ya banda la kuku.

"Na kingine?"

Fundi akanyoosha mguu, akaelekeza kwa kidole gumba cha mguu.

Mbwa wake alikuwa amelala juani. Shingoni ana kola mpya ya ngozi.

Basi ndivyo ilivyokuwa, ndugu msomaji. Wimbo uliotikisa kumbi zote ulikuwa umelala kwenye saruji, unajikuna sikio. Kibanio chenyewe kimetupwa kwenye kopo lenye vibanio wenzake mia tatu, vyote vina kutu, vyote ndugu wa baba mmoja. Fundi alipoambiwa alichokifanya alitoka chini ya meza, akakaa kitako, akashika kichwa. Kisha akasema mchukue mbwa, haumi.

Viraka hakumchukua. Mbwa alimfuata mwenyewe.

"Shahidi amefika," Miwani akasema walipoingia, na Mjumbe akacheka mpaka akakohoa.

Sasa hapa ndipo ninapompendea huyu binti. Mwingine angelia. Yeye alikuwa na neno moja alilolificha tangu mwanzo, hakumwambia mtu, hata Chama, hata shangazi. Akasimama mbele ya Miwani.

"Kaka, wimbo ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi tupigie makofi ule mdundo. Bila rekodi. Ule ko tu, unapokuja."

Miwani akakubali kwa mkono, kama anayemkubalia mtoto. Akahesabu kwa mguu, moja mpaka nane, akapiga kofi. Tena nane, kofi. Tena nane, kofi. Safi kabisa. Ungeweza kujengea nyumba juu yake.

Mwenyekiti akainamisha kichwa upande mmoja. Miaka thelathini ya tarumbeta haiishi sikioni.

Viraka akabonyeza kinasa sauti. "Mchechemeo" ukaanza, na yeye akahesabu juu yake kwa sauti. Saba, ko. Nane, ko. Saba, ko. Nane, ko. Mjumbe akajaribu naye kwa kidole mezani, akapotea, akarudi, akapotea tena, kisha akaukuta. Akauliza kwa nini iwe hivyo.

"Kwa sababu mkanda ule ukizunguka mara moja, sindano inapiga hatua saba na nusu," Viraka akasema. "Na sindano haina nusu hatua. Ikishuka imeshuka. Kwa hiyo mara saba, mara nane, mara saba, mara nane. Ndiyo maana ukiucheza mguu mmoja unachelewa. Mtu aliyeutunga kwenye kompyuta angeweka nane. Kompyuta inapenda nane. Na aliyeuchukua umeshakamilika hana haja ya kuhesabu."

Mbwa akapiga miayo. Kama dunia ingekuwa na haki, hadithi ingeishia hapa nami ningeenda kulala.

Lakini Miwani hakutoka jasho hata tone. Alitoa hoja yake taratibu, kwa ile sauti ya redio inayokuamsha kila asubuhi. Akauliza: baba aliyezaa huhesabu nywele za mwanawe? Yeye alitunga kwa hisia, programu ikasogeza hapa na pale kama programu zinavyofanya. Kutojua hesabu ya wimbo si kosa. Kama ni kosa, basi nusu ya wapiga gitaa wa nchi nzima ni wezi. Katibu akaandika hoja hiyo. Mwenyekiti akasema ina uzito.

Ina uzito. Tia akilini neno hilo, tutalirudia.

Wakati wakibishana, Shangazi alikuwa anashona. Mikono yake haijui kukaa bure. Kulikuwa na foronya ya mteja, na foronya haingoji Chama. Viraka, aliyekuwa amesimama nyuma yake akitafuta la kusema, akatupa jicho kwenye pindo lililokuwa linatoka upande wa pili wa sindano.

Akaliinua karibu na dirisha.

Hatua za uzi zilikuwa fupi, sawasawa, kama punje za mchele zilizopangwa. Kisha moja ndefu. Kisha fupi fupi, na nyingine ndefu. Akahesabu kwa ukucha. Saba, ndefu. Nane, ndefu. Saba. Nane.

"Shangazi, hapa umevuta kitambaa."

"Sijavuta."

"Shona tena. Polepole."

Shangazi akashona. Wote wakamtazama kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kilikaa kimetulia juu ya kitambaa, kimetulia, kimetulia, kisha kikavuta. Kidogo tu, kama mtu anayemshika mwenzake mkono kuvuka mtaro. Kikatulia tena.

Miaka ishirini na miwili kibanio kilikuwa kikifika kwenye gurudumu, cherehani inashtuka, na kidole kile kinasaidia kitambaa kupita. Mkanda ulibadilishwa jana. Kidole hakuna aliyekiambia.

Shangazi mwenyewe akakitazama kidole chake kama mpangaji aliyeishi ndani ya nyumba yake bila yeye kujua. "Wee," akakiambia. Basi.

Mjumbe alisogea na miwani yake ya kusomea, akahesabu, akamwita Katibu, naye akahesabu. Mwenyekiti hakusogea. Alibaki pale pale mlangoni.

Miwani naye akahesabu. Nitampa haki yake, mtu huyu hana akili ndogo. Akaliweka pindo chini na kusema kwamba foronya imeshonwa leo, na wimbo una miezi minane redioni. Mama amesikia wimbo, mkono umeujifunza. Si ushahidi kwamba wimbo umetoka kwenye kidole. Huenda kidole kimetoka kwenye wimbo.

Na hapo alikuwa na hoja. Nachukia kusema, lakini alikuwa nayo.

Mwenyekiti akaidaka upesi mno. Akaamua hivi: zije nguo tano zilizoshonwa na mama huyu kabla wimbo haujasikika. Kila nguo ije na mwenyewe, aseme mbele ya Chama ni yake na ameishonesha lini. Ukumbini, leo, mwisho saa kumi jioni. Alipokuwa akisema hayo hakumtazama mtu. Alitazama viatu vyake. Kisha akawa wa kwanza kutoka.

Nguo tano. Mwanamke ameshonea mtaa mzima miaka ishirini na miwili, nguo tano ni nini? Ungedhani watapanga foleni.

Ngoja nikusimulie foleni yenyewe.

Shangazi hana daftari la wateja. Anawakumbuka kwa viuno. Ukimtajia jina atakutazama tu. Ukimwambia "yule wa inchi thelathini na nne, bega moja chini," atakupeleka mpaka mlangoni kwake macho yamefumbwa. Yeye na Viraka wakaanza kwa kinyozi, foronya mkononi. Aproni aliyovaa ilikuwa na pindo lile lile. Viraka aliliona akiwa bado barazani, saba, nane, wazi kama maandishi. Kinyozi akaendelea kunyoa. Akasema yeye ananyoa watu wa pande zote, wembe hauna chama. Tena aproni hii ni kama aliletewa na mtu, hakumbuki nani.

"Nilikupima mwenyewe," Shangazi akamwambia. "Ulikuwa umevuta tumbo ndani, nikakuambia pumua."

Mteja kwenye kiti akacheka. Kinyozi hakucheka, wala hakuivua aproni.

Mwalimu mkuu ana mapazia ofisini, yote ya Shangazi. Alifurahi kuwaona, akawakaribisha viti, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaambia anawaombea heri. Ila Miwani ameahidi kuleta spika siku ya michezo ya shule, na watoto wamekwisha kuambiwa. Sasa awaambie nini watoto?

Jirani wa ukuta mmoja, ambaye Shangazi alimshonea gauni usiku kucha mwaka ule alipofiwa, alisema kupitia dirishani kwamba gauni lile limekuwa matambara ya kudekia. Gauni lilikuwa limeanikwa kambani nyuma yake. Linapepea. Shangazi aliliona. Akasema poleni na kazi, akaendelea na safari.

Ninawakumbuka nyote. Mimi si msomi, sikupewa cheti cha kukumbuka, lakini nakumbuka. Nakumbuka mpiga gitaa aliyetunga ule muziki mfupi wa kufungulia taarifa ya habari. Miaka kumi na moja uliusikia kila jioni, na jina lililosomwa halikuwa lake. Alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Ulijua. Ulimsikia akiupiga barazani kabla redio haijaupiga. Siku ya mazishi yake uliniambia, "Aa, yule mzee alikuwa na kipaji." Nikakuuliza mbona hukusema akiwa hai. Ukaniambia hakuna aliyekuuliza.

Leo umeulizwa. Mlangoni kwako, na mwenye foronya mkononi.

Haya, nisikuchoshe, maana walikuwepo pia watu.

Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu, macho mekundu. Akasema koti analo mwilini, tena alilishonesha mwaka alioajiriwa, twendeni kabla hajasinzia. Mwenye duka la vitabu vikuukuu akafunga duka saa nane mchana, jambo ambalo hajafanya tangu afungue, akajifunga kitambaa chake cha kichwa chenye pindo pande nne. Dereva wa gari la taka akasimamisha gari katikati ya barabara, akavua fulana ya kazi, akahesabu mwenyewe, akasema, "Kumbe nimevaa wimbo." Na kipa mstaafu, mtu wa kilo mia na ushei, akatoka nyumbani na kaptula aliyodakia fainali yake ya mwisho. Wakamwambia angeweza kuibeba mkononi tu. Akasema hapana, Mwenyekiti ametaka nguo na mwenyewe, na yeye na kaptula hawajaachana tangu siku ile.

Wanne. Saa tisa na nusu. Wakapanda ngazi za ukumbi wa Chama, juu ya duka la misumari, mbwa nyuma yao.

Kwenye ngazi Katibu aliwapita akishuka kununua maji. Alikuwa na furaha zake. Akawaambia, kama habari njema ya kawaida, kwamba wiki ijayo Mzee anaingia studio. Miaka tisa hajarekodi, hakuna aliyemtaka, watu wanasema tarumbeta ni mambo ya kale. Sasa Miwani amemtengea siku nzima.

Viraka alisimama kidogo. Kisha akaendelea kupanda.

Ukumbini Mwenyekiti aliketi nyuma ya meza ndefu. Mjumbe akashika pini, akahesabu pindo la kwanza, la koti, kwa sauti, muuguzi akisinzia wima kama farasi. Saba, nane. Likakubaliwa. Kitambaa cha kichwa kikakubaliwa. Fulana ikakubaliwa, ingawa Mjumbe aliishika kwa vidole viwili. Kaptula ilileta mjadala, kwa sababu kipa alikataa kuivua na Mjumbe akakataa kupiga magoti. Mwishowe kipa akapanda juu ya kiti, pindo likafika usawa wa macho, likahesabiwa. Saba, nane. Likakubaliwa.

Miwani alitazama ukutani. Saa kumi kasoro dakika tisa.

"Nne," akasema. "Mzee alisema tano."

Hakuwa na hasira. Hata pole aliitoa. Akamwambia Viraka kwamba ana kipaji, na baada ya miaka mitano aje, atamtafutia kazi ya kubeba nyaya.

Shangazi alikuwa ameshika ile pini baada ya Mjumbe kumaliza. Ikamponyoka, ikabingirika chini ya meza ndefu. Akainama kuiokota. Fundi nguo haachi pini sakafuni, hata siku ya kiyama.

Alikaa chini ya meza muda mrefu kuliko pini inavyohitaji.

Alipoinuka alimshika Viraka mkono, akasogeza mdomo sikioni. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini ukumbi ulikuwa kimya na mimi nakusimulia kila neno.

"Inchi thelathini na sita, mguu wa kushoto mfupi kwa upana wa kidole gumba. Nilimshonea miaka minne iliyopita, bendi ilipomuaga. Nikampindia mguu mmoja zaidi ya mwingine ili asionekane anachechemea."

Viraka akatazama chini ya meza.

Ile suruali ya kahawia ilikuwa pale, na pasi yake ya kukata mkate. Na miguu iliyomo ndani yake ilikuwa inarudi nyuma. Polepole, kisigino baada ya kisigino, inajificha chini ya kiti.

Alijua. Tangu asubuhi, tangu pindo la foronya lilipoinuliwa dirishani na yeye akakataa kusogea, alijua kwamba anatembea na ushahidi. Hoja ina uzito, alisema. Uzito ulikuwa umefungwa kwenye vifundo vya miguu yake.

Sasa fikiria wewe. Mbele yako mzee wa umri wa babu yako. Utamwambiaje anyanyue mguu wa suruali mbele za watu, waone pindo, na waone kwamba miguu yake hailingani, jambo alilolificha maisha yake yote? Viraka naye alilelewa. Akasogea mpaka kwenye meza, akainama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nguo ya tano umeivaa."

Katibu akaacha kuandika. Miwani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akavua miwani. Macho yake ni madogo, kama ya mtu aliyeamshwa.

Mkono wa Mwenyekiti ulipapasa juu ya meza, vidole vitatu vikibonyeza hewa, kama vile vinavyobonyeza tarumbeta. Kisha akasema, bila kuinua uso:

"Mimi ni mwamuzi, binti. Mwamuzi hatoi ushahidi. Muda ni mpaka saa kumi. Lete nguo ya tano yenye mtu mwingine ndani yake."

Shangazi akakaa kwenye kiti. Muuguzi akazinduka na kuuliza tumeshinda? Kipa alikuwa bado juu ya kiti chake, akamtazama Mwenyekiti kutoka kule juu, akasema taratibu kwamba fainali ile walifungwa kwa sababu refa naye aligeuza uso.

Saa kumi kasoro dakika nne.

Viraka alikwenda dirishani, akalifungua lote. Chini kuna barabara, na barabarani kuna watu, na watu wamevaa nguo. Hakupiga kelele. Alichomeka kinasa sauti kwenye spika kuukuu ya Chama, akaigeuzia nje, "Mchechemeo" ukamwagika mtaani. Watu wakainua vichwa. Mabega yakaanza. Mguu mmoja ukachelewa, kama kawaida, mnaupenda. Hakuna aliyepanda.

Dakika tatu.

Kwa hiyo ninakuuliza wewe, wewe uliyesoma mpaka hapa na ukidhani utaishia kusema maskini. Hiyo nguo uliyovaa nani aliipinda? Sare ya mwanao, aproni yako, suruali ya ofisini, lile gauni linalopepea kambani? Wahenga walikuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako, ukashika hilo tu. Nguoni humo humo mna kitakachomwokoa mwenzako.

Weka gazeti chini. Geuza pindo. Tumia ukucha, usione haya, hata kama uko mbele za watu. Hesabu. Saba, ndefu. Nane, ndefu.

Umeiona. Usiniambie hujaiona.

Ngazi ziko upande wa kulia wa duka la misumari, mlango wa juu hauna kufuli. Usitafute viatu. Inuka, panda.